Lenzi Niliyoiacha Kitandani

Kila Jumamosi lazima mmoja wenu apande zile ngazi za mawe hadi kwangu hapa Mbugangari, Gisenyi, na swali lilelile. "Mama Foto, niko nakwenda Kigali siku mbili. Nibebe lenzi gani?" Mnataka niwajibu kwa namba, kama muuza dawa anavyosema viwili asubuhi na viwili jioni. Namba ninazo. Shida ni kwamba nikizitaja tu mnashukuru na kushuka ngazi kabla sijafika kwenye sababu. Kwa hiyo nimechukua daftari, na safari hii mtasoma mpaka mwisho ndipo mshuke.

Niseme mapema kwamba shule niliacha darasa la sita. Kiswahili changu nilikiokota Goma nilikozaliwa, nikakisafisha kidogo kanisani na kwa wateja waliokulia Tanzania, ambao walikuwa wakinirekebisha maneno huku mimi nikiwarekebisha mabega wakae vizuri mbele ya kamera. Picha nimepiga tangu enzi za filamu hadi macho yaliponikataza. Hiyo hainifanyi kuwa mwalimu. Kuna ushauri nilioutoa miaka na miaka, halafu nikaja kugundua kwamba haukuwa kweli, na wale niliowapa siwezi kuwatafuta wote niwaombe radhi. Basi someni kwa tahadhari.

Mzee Kambale, aliyenifundisha kazi kule Goma, alikuwa na lenzi moja tu, ya milimita hamsini, isiyovuta karibu wala mbali. Akitaka karibu alisogea. Akitaka kuona wengi alirudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na kama ukuta ulikuwa wa jirani, alibisha hodi kwa jirani. Nimemwona kwa macho yangu akipiga harusi akiwa amesimama ndani ya jiko la watu asiowajua, kamera dirishani, mama mwenye jiko akimpitishia mwiko juu ya kichwa na kumwambia asimwage mboga. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na aliziwekea mpango kabla hajatoka nyumbani.

"Ya kwanza ni ya familia yote, vile wamekaa," aliniambia. "Ya pili ni ya ule mwenye analipa. Ya tatu, bon, hiyo ni yako, piga vile unapenda."

Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye ya tatu. Na kamera ya dijitali ilipokuja, nikaona mpango wa mzee umekufa pamoja na filamu. Picha zilikuwa nyingi, nani ahesabu.

Wakati wa safari ninayotaka kuwaeleza nilikuwa na lenzi tatu. Ya kwanza ile ya plastiki iliyokuja ndani ya boksi la kamera, kumi na nane hadi hamsini na tano. Inaona pana, nyepesi kama kikombe, na kila mtu anaidharau. Ya pili ndefu, sabini hadi mia mbili, nzito kama mtoto aliyelala. Ya tatu ni themanini na tano, ile inayotoa uso safi na kuyeyusha kila kitu kilicho nyuma. Nyinyi mnaipenda mno hiyo ya tatu. Siwatupii lawama, mimi niliipenda kuliko nyinyi. Niliiweka kwenye soksi ya sufu, na soksi nikaiweka juu ya kabati.

Aliyenituma Kigali ni Mama Claudine wa Bugeshi. Huko juu chini ya volkano kuna baridi hadi mtu anazaliwa na koti, na yeye alikuwa analima viazi na kuvishusha Goma kuviuza, miaka mingi. Ndiko tulikojuana. Kinyarwanda ni cha nyumbani kwetu sote, lakini tukiwa wawili tulirudi kwenye Kiswahili cha sokoni, kwa mazoea. Mume wake alikuwa amekufa. Claudine, binti yake wa pekee, alikuwa anafanya kazi ofisini Kigali, na siku ya kuposwa kwake ilipangwa ifanyike hukohuko, uani kwa mama yake mdogo, maana wageni wengi walikuwa wa huko. Mama mwenyewe asingeweza kwenda. Miguu ilikuwa imevimba, na daktari alimkataza kukaa kwenye basi saa tatu, nne.

Akaniita. Nilimkuta ameweka miguu juu ya gunia.

"Mama Foto, mi sitaki picha za kupamba ukuta," alisema. "Uniletee vile walikaa."

Wale kati yenu ambao hamjawahi kufanya kazi ya gusaba, yaani siku ya posa, jueni hivi: familia mbili zinakaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, katikati pamebaki wazi. Wasemaji wa pande mbili wanataniana saa nzima kabla ya kutaja msichana. Lakini maneno ni ya kuchekesha watu tu. Ushahidi uko kwenye viti. Anayekaa mstari wa mbele upande wa msichana anasema mbele ya wote, bila kufungua kinywa, kwamba huyu ni mtoto wetu na sisi ndio tunaomtoa. Anayekaa nyuma ni mgeni kama wageni wengine.

Na Mama Claudine alikuwa na mtu mmoja aliyemhofia. Gaspard, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi. Ugomvi ulikuwa juu ya uzio wa miti ya miyenzi kati ya mashamba yao mawili. Mama Claudine alisema Gaspard aliupanda upya akausogeza hatua mbili ndani kwake. Nilivyokuja kusikia, Gaspard naye alisema ni mvua iliyobomoa uzio wa zamani, na yeye aliurudisha ulipokuwa. Niliwahi kupita hapo nikautazama. Sikuweza kujua, na naona wote wawili wangeweza kuapa bila kudanganya.

"Amealikwa," aliniambia. "Akasema ataona. Bon. Kama atakaa mbele, mahali pa baba, mimi nitamaliza hii maneno ya uzio. Kama atasimama nyuma na majirani, nitajua, na nitanyamaza mpaka kufa."

"Si utamuuliza Claudine?"

"Claudine atasema mama, wote walikuja, ilikuwa muzuri. Watoto wetu wanatudanganya juu hawataki tuugue."

Nikamwambia asijali. Na nilimaanisha.

Sasa twende kitandani kwangu, siku moja kabla ya safari. Mnajua basi za Kigali. Mfuko mkubwa unaenda chini kwenye buti pamoja na kabichi za watu, na sitawashauri kamwe muweke lenzi pamoja na kabichi. Begi la kamera unalipakata. Kwa hiyo linaingia kamera, lenzi mbili, betri, na hewa kidogo. Lenzi tatu nilizitandaza kitandani nikazitazama.

Kitu nilichopaswa kufikiria ni uani kwa mama mdogo. Nilichofikiria ni wapiga picha wa Kigali. Nilijua familia ya kijana italeta mpiga picha wao. Nilimwona tayari kichwani, na mizigo yake mikubwa myeusi, akinitazama mimi mama wa Gisenyi nikichomoa kale kalenzi ka plastiki. Nikajiona mdogo. Nikajiambia kwamba kwa ile ndefu nitapiga kila mmoja wa mstari wa mbele, uso kwa uso, na kwa themanini na tano nitampiga bibi arusi, na Mama Claudine atawaona wote vizuri kuliko hata angekuwepo. Hesabu ilikuwa nzuri. Ndivyo woga unavyofanya, unakupa hesabu nzuri.

Kalenzi ka plastiki nikakaacha kitandani, nikakafunika na kitenge kama mtu anayeficha jambo.

Kuhusu njia sina la kulalamika. Dereva alikuwa mwangalifu. Nitaje mambo mawili tu yatakayowasaidia. La kwanza: mtetemo wa basi unalegeza skrubu ndogo za lenzi, hasa ikiwa ya zamani, kwa hiyo ukifika itikise taratibu karibu na sikio kabla ya kuipachika. La pili ni mvua. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi kwetu, mnajua, na ile mnayoificha mkitoka nayo Goma itachukuliwa mpakani, na ni haki yao kuichukua. Mimi nilimpelekea fundi cherehani mwavuli uliovunjika, akanishonea kofia ya kamera kwa kitambaa chake. Imenitumikia kuliko vyote nilivyonunua dukani.

Nikafika uani kwa mama mdogo, na ua wenyewe ulikuwa mdogo kama jina la mwenyewe. Mahema mawili yalikaribiana hadi wasemaji wangeweza kusalimiana kwa mkono bila kuinuka. Nikapachika ile ndefu, nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagusa ua wa bati. Ndani ya kioo naona vichwa viwili na nusu. Nikamkumbuka Mzee Kambale na jiko la jirani. Nyuma ya lile bati kulikuwa na mbwa, tena alikuwa ananisikia.

Mpiga picha wa upande wa kijana alikuwa kijana mwembamba anaitwa Yves, mzaliwa wa Tanzania, adabu tupu.

"Shikamoo mama. Umetoka mbali?"

"Marahaba. Gisenyi."

"Pole na safari. Uwanja huu mwembamba, sijui utafanyaje na hiyo bunduki."

Nikatazama shingoni kwake. Alikuwa amevaa kamera yenye lenzi ya plastiki. Ileile. Kumi na nane hadi hamsini na tano.

"Na zile zingine umeweka wapi?" nikamuuliza.

"Zingine zipi, mama? Ninayo hii tu. Kubwa nilikuwa nimeazima, nimemrudishia mwenyewe."

Mtanicheka, na mna haki. Mtaniuliza pia, na simu je? Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na inaona pana kuliko lenzi zote mbili nilizobeba. Ningeitoa, picha moja, ningemaliza. Sikuitoa. Nilishaona aibu mara moja asubuhi hiyo, sikutaka mama aliyeajiriwa kutoka mbali aonekane anapiga kwa simu kama shangazi wa watu. Hilo ndilo kosa langu hasa. Lenzi ingeweza kusahauliwa na mtu yeyote, lakini simu nilikuwa nayo.

Nikafanya nilivyopanga. Uso baada ya uso. Gaspard nilikuwa sijamjua sura, kwa hiyo niliwapiga wazee wote wa upande wa msichana, mbele na nyuma, walioketi na waliosimama, walivyokuwa wakiingia na kuhamahama viti. Claudine alipotoka ndani amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, nikaweka themanini na tano, akapita mbele ya hema la kwao, na nikapata picha ambayo mpaka leo nadhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Kope zake zinahesabika. Nyuma yake ni rangi tu, kama mtu amemwaga maji juu ya karatasi.

Nilirudi Gisenyi nimeridhika. Nikachapisha arobaini, nikapanda Bugeshi.

Mama Claudine alivaa miwani akazipokea moja moja. Alizitazama bila haraka, kila moja akaiweka juu ya blanketi kando yake. "Muzuri," alisema. "Huyu amenenepa." "Huyu nguo aliazima." Alipofika kwa mzee mmoja mwenye koti la kahawia, mkono ukasimama.

"Njo huyu Gaspard," akasema, yaani ndiye.

"Unaona? Alikuja," nikasema, na nilijisikia vizuri.

"Alikuja." Akaigeuza picha nyuma, kama vile maandishi yangekuwa huko. "Na alikala wapi?"

Nikaitazama. Uso wa Gaspard ulikuwa safi, kila mkunjo. Nyuma yake ukungu wa kijani. Angeweza kuwa mstari wa mbele. Angeweza kuwa mlangoni na majirani.

"We ulikuwa pale, Mama Foto. Alikala wapi?"

Hapo nilitamani kusema mbele. Neno moja tu, na mwanamke yule angelala vizuri. Lakini nilikuwa nimewapiga wazee kumi na kitu, na wengine walihama viti mara tatu, na nikijitafuta kichwani nilimwona Gaspard kila mahali. Singeweza kuapa.

"Sikumbuki," nikamwambia.

"Dada ya mume wangu anasema alisimama nyuma. Mutoto ya dada yangu anasema alikala mbele." Akakusanya picha, akazipanga, akanirudishia zote isipokuwa ya Claudine. "Muko wengi wenye mulienda. Na mi sijui kitu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilishuka Bugeshi na begi mgongoni na sikusikia baridi.

Kesho yake niliomba wageni, kupitia Claudine, wanitumie picha za simu zao. Zikaja. Watu wamejipiga wenyewe, midomo imechongoka, soda mkononi. Sisemi ni vibaya, ni furaha yao, lakini hakuna aliyepiga hema. Ndipo nikajilazimisha kumpigia Yves.

"Yves, mwanangu, nimekosea," nikaanza, nikamweleza yote, hata lenzi chini ya kitenge. Nilidhani atacheka.

"Mama, upande wa msichana nina picha moja tu. Ilikuwa ya kupima mwanga kabla watu hawajatulia. Nilitaka kuifuta. Nikutumie?"

Akanitumia. Nikaifungua kwenye kompyuta. Hema lote la upande wa msichana, kutoka nguzo hadi nguzo, kila kiti na mwenye kiti. Mstari wa mbele: wazee wanne, mama mdogo mahali pa mama, na mushanana wake wa njano, na mwisho kabisa kando ya nguzo, mahali pa baba, kiti kimoja kitupu. Gaspard hayumo popote katika picha, si mbele wala nyuma.

Kiti kitupu kinaweza kuwa jambo zuri au baya. Walimwekea nafasi, hilo lilikuwa wazi, maana hema lilikuwa limejaa na watu wamesimama na hakuna aliyethubutu kukikalia. Je, alikuja akakikalia? Nikarudi kwenye zangu. Nikazifungua zote, hata zile nilizozitupa. Na nikafika kwa Claudine mwenye kope.

Nyuma ya bega lake la kushoto kulikuwa na doa la njano. Mama mdogo. Kando ya njano, doa la kahawia. Kando ya kahawia, mstari mweupe uliosimama wima. Nguzo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijua hapohapo. Nilijua nusu. Kahawia ni rangi ya makoti mengi. Nikachapisha zote mbili kwa ukubwa uleule, ya Yves na yangu, nikapanda tena.

Kabla ya kuwapeleka Bugeshi, nimalize lile swali lenu, maana ndilo lililowapandisha ngazi. Mtandaze lenzi kitandani kama nilivyofanya. Halafu kwa kila moja mtaje kwa sauti jina la mtu atakayetaka picha yake. Lazima awe mtu mwenye jina. "Wateja" si mtu, wala "watu wa Kigali" si mtu. Ukishika lenzi na jina halitoki, irudishe kabatini. Ukishika ile ya plastiki na jina la mama wa watu likakutoka, hata kama unaona haya, iende begini kwanza. Kama ni siku mbili mjini na kazi ya watu, chukua pana moja, na moja ya uso ukipenda, na ile ndefu iache ilale. Mimi naamini hivyo sasa. Kumbuka pia kuna kijana kati yenu anayepiga picha za mpira Kigali uwanjani, na yeye akinifuata mimi na kuacha ndefu atakuwa amepotezwa na mimi. Basi mwenye mpira asinisikilize.

Na moja dogo: ukitoka baridi ya Bugeshi ukaingia nyumba yenye moto jikoni, usifungue begi upesi. Kioo kitatokwa jasho. Liache limefungwa mpaka lizoee. Siku hiyo sikuwa na kamera ya kutumia, nilikuwa nayo mgongoni kwa mazoea tu, lakini nilikaa hivyohivyo begi limefungwa, nikatoa bahasha.

Mama Claudine aliweka ya Yves kwenye goti moja na yangu kwenye goti la pili.

"Hapa kiti iko tupu," alisema.

"Ndiyo. Ilikuwa mapema."

"Na hapa?"

"Hapa kuna mtu. Sijui nani. Unaona, njano ni dada yako, halafu kuna kahawia. Sitaki kukudanganya, ni ukungu mtupu, kosa langu."

Aliinua ile yangu karibu na miwani, akaiteremsha, akaipeleka mbali mkono wote. Kidole chake kikashuka kutoka kwenye kahawia kikafuata kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiona kama kivuli cha meza, mstari mweusi unaotoka kwenye doa na kulala mbele, umenyooka.

"Muguu," alisema.

"Mguu gani?"

"Muguu yake. Baiskeli ya viazi ilimuangukia, bado kijana. Haikunjiki. Kila mahali anakala vile, anaweka njiani, watu wanaruka." Akafuata tena ule mstari, polepole. "Njo yeye. Amekala mahali pa baba."

Kuku akaingia, akatoka. Kisha Mama Claudine akasema nimpe fimbo iliyokuwa nyuma ya mlango.

"Unaenda wapi na hiyo miguu?"

"Kigali ni mbali. Kwa Gaspard si mbali."

Nikamshika mkono. Hatua mia mbili hivi, na tulisimama mara nne. Kwenye uzio wa miyenzi kulikuwa na upenyo ambapo mbuzi hupita, tukapita hapo, yeye kwanza. Hakuutazama uzio.

Gaspard alikuwa ameketi uani anachagua viazi vya mbegu, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama alivyosema shemeji yake. Alituona tangu mbali. Hakuinuka, na sijui kama ni kwa kiburi au kwa mguu, kwa hiyo sitasema. Mama Claudine alimsalimia, akamnyooshea picha. Gaspard akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea.

"Claudine," alisema. "Mutoto muzuri."

"Tazama nyuma yake."

Akatazama. "Nini hii?"

"Ni wewe."

"Mimi?" Akaisogeza, akaitoa mbali, kisha akanigeukia mimi. "We mama, njo ulipiga? Wengine wote uliwatengeneza vizuri. Mimi peke yangu ukanifuta. Sasa mutu atajuaje ni mimi?"

Nilifungua kinywa nianze kumweleza habari za lenzi na ukungu. Mama Claudine alinitangulia.

"Mi nilikuona," alimwambia.

Mzee aliendelea kuishika ile picha. Kisha akaiweka juu ya gunia, mbali na viazi isichafuke, akashika ukuta, akainuka. Ilimchukua muda. Akasukuma kiti chake mwenyewe kwa ule mguu mzima mpaka kikafika mbele ya Mama Claudine.

"Ikala," alisema. "Miguu yako, nasikia, iko inauma."